Mawazo Hayapalilii Shamba

Ndugu msomaji, je, usiku hukosa usingizi kwa mawazo? Unawaza mbolea. Unawaza sare za watoto. Unawaza deni. Asubuhi unaamka umechoka, na deni liko pale pale.

Mimi nayajua mawazo hayo. Mwaka mmoja, baridi ya mwezi wa saba iliunguza viazi vyangu hapa Njombe. Mbegu nilikuwa nimezikopa. Niliwaza usiku na mchana. Watoto waliponisalimu, sikuitikia.

Siku moja nilikwenda Makambako kutafuta mnunuzi wa mahindi. Pale barabara ya kutoka Njombe na Songea hukutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Nilikaa kwa mama mmoja muuza chai. Garimoshi lilipopita, alisimama, akawapungia abiria mkono, akacheka. Nikamwuliza, "Mama, wewe huna shida?" Akajibu, "Ninazo, mwanangu. Lakini shida zitaningoja. Garimoshi haliningoji."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani.

Maoni yangu ni haya. Kuwaza ni kuzuri kukileta kazi. Kama kuna la kufanya, lifanye. Kama usiku huu hakuna la kufanya, pumzisha kichwa. Ikaribishe furaha ndogo. Ota jua la asubuhi mlangoni. Choma viazi jikoni, watoto wakitoa vitendawili. Imba unapopalilia. Msomee jirani barua yake.

Wengine watasema huo ni uvivu. Sivyo. Wengine watakwenda kwenye ulanzi. Ulanzi wa kupita kiasi hauondoi mawazo. Huyaongeza, na fedha hupungua.

Furaha ndogo haikulipa deni langu. Ilinipa usingizi. Usingizi ulinipa nguvu za kushika jembe. Nililipa kidogo kidogo, kwa misimu miwili.

Lakini kama huzuni inapita wiki mbili, huli wala hulali, au unawaza kujidhuru, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, mwende zahanati leo.

Ndugu msomaji, jioni hii chagua furaha moja. Kesho chagua nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Jadilini darasani:
1. Mawazo gani huleta kazi, na yapi huleta uchovu tu?
2. Taja furaha moja ya nyumbani kwako isiyohitaji fedha.