"Okey" ina wenyewe, "sawa" je?

Katika kitivo chetu hadithi hii haikosi mtetezi: ati "okey" ni ya Wawolof wa Senegali, wanaosema "waw kay", na ilivuka bahari pamoja na watumwa. Mwanaisimu Mwingereza David Dalby aliitetea hoja hiyo karibu na mwaka 1970. Inapendeza kuisikia. Lakini kufanana kwa sauti si ushahidi. Wachoktaw wa Marekani nao wana "okeh" yao.

Ushahidi aliuleta Allen Walker Read mwaka 1963 na 1964, baada ya kupekua magazeti ya zamani. Alionyesha "o.k." katika Boston Morning Post la tarehe 23 Machi 1839. Waandishi wa Boston walikuwa wakifanya mzaha wa kufupisha maneno waliyoyaharibu kusudi: "all correct", yaani yote sahihi, wakaigeuza "oll korrect". Mwaka 1840 wafuasi wa Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, wakaitumia katika uchaguzi. Van Buren alishindwa, neno likabaki.

Kinachoniuma ni kwamba tunagombania neno la Boston, huku "sawa" tunayoitamka kutwa hapa Goma hatuiulizi lolote. Mzizi wake ni Kiarabu, maana yake kulingana. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilifikisha Kiswahili Kasongo, huko Maniema. Lakini kulingana kuligeukaje kuwa kukubali? Mimi nadhani ni sokoni. Simama Birere usikilize: muuzaji anataja bei, mnunuzi anashusha, wanavutana, na pande mbili zikilingana ndipo inatoka "sawa". "Njo vile" haifanyi kazi hiyo. Yenyewe inathibitisha habari, haifungi mapatano. "Dakor" inayafunga, lakini kwa Kifaransa, na ndani yake umo moyo wa Kilatini. Tena kuna "sawa" ya mama aliyechoka kubishana nawe, ambayo hajakubali chochote!

Nilipopendekeza mada hii kwa kazi ya kumaliza masomo, nilijibiwa kwamba ni lugha ya mtaani, nitafute kitu kizito. Je, Read alipekua nini kama si mizaha ya magazetini? Sijaiondoa mada yangu. Mwalimu aliye tayari kuisimamia tafadhali anijulishe kabla orodha haijafungwa.