Ramani ni shahidi, si hakimu

Kuna watu ambao wakionyeshwa ramani ya zamani husema mara: «Imechorwa, basi imekwisha. Mto uko hapa, mpaka uko hapa.» Sisi tunalikataa neno hilo. Tutatoa mfano wa nchi ya Bengal, pale mito ya Ganges na Brahmaputra inapogawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini.

Mwingereza James Rennell aliipima nchi ile miaka mingi, akatoa kitabu chake cha ramani mwaka 1779. Kazi yake ilikuwa kubwa, wala hatuidharau. Lakini aliyemtuma ni kampuni ya biashara, na kichwa cha kitabu chenyewe chataja vita na biashara. Mashamba ya wakulima hayakutajwa.

Tazameni sasa. Katika ramani ile Brahmaputra yapita karibu na Mymensingh. Mwaka 1787 yalikuja mafuriko makubwa, mto Tista ukaacha njia yake na kuingia katika Brahmaputra. Baadaye Brahmaputra nayo ikahamia magharibi kidogo kidogo, na leo maji yake mengi yanapita katika mto uitwao Jamuna. Kule Mymensingh limebaki tawi dogo, nalo laitwa Brahmaputra ya Kale. Je, Rennell alisema uongo? Hapana. Ni mto uliohama.

Wengine watatujibu: «Hayo ni ya kale. Siku hizi tunapima vizuri.» Basi wasikie habari ya kisiwa. Baada ya tufani ya mwaka 1970, kisiwa cha mchanga kilionekana mdomoni mwa mto wa mpakani. Wahindi walikiita New Moore, watu wa Bangladesh South Talpatti, na serikali zote mbili zikakigombania miaka mingi. Mwaka 2010 wataalamu wa Calcutta walitangaza kwamba kisiwa kimezama. Waligombania nini, basi?

Je, tuzitupe ramani za kale? Hata kidogo! Zatuonyesha mto ulipita wapi zamani, na anayetaka kujenga nyumba au shule karibu na maji afadhali azitazame kwanza. Lakini anayetaka kumwondoa mkulima shambani kwa nguvu ya karatasi ya zamani, aende kwanza mtoni, aone kwa macho yake, awaulize wavuvi na wenye kulima pale. Ramani ni shahidi wa siku ile ilipochorwa. Shahidi tunamsikiliza, hukumu hatumwachii.