Hodi ya Mtoto Katika Usiku wa Baridi

Katika miji ya Marekani na Kanada, usiku wa tarehe 31 Oktoba ni usiku wa watoto. Jua likishatua, wazazi huwatoa watoto wao wakiwa wamevalishwa mavazi ya mizimu, ya wanyama au ya malkia, kila mmoja na mfuko mkononi, wakapita nyumba hata nyumba wakiomba peremende. Sikukuu hiyo huitwa Halloween, yaani mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na desturi zake nyingi zilifika huko pamoja na wahamiaji kutoka Ireland na Scotland.

Upande wa kaskazini, siku hizo baridi imekwisha kuingia. Kwa hiyo ugomvi wa kwanza hutokea kabla ya kutoka nyumbani. Mtoto wa miaka minne amengoja majuma mazima awe simba, na mama amesimama mlangoni na koti. Koti likivaliwa juu, simba haonekani. Lisipovaliwa, simba atatetemeka kabla ya kufika nyumba ya tatu. Mama mwenye busara huchagua vazi kubwa kuliko mwili, akamvisha mtoto sweta ndani yake, na koti akalichukua mwenyewe begani, maana litahitajika. Mwaka 1991, katika jimbo la Minnesota, theluji ilianza kuanguka siku hiyo hiyo, ikaendelea hata mji wa Minneapolis ukapata sentimita 72 hivi. Simba na malkia waliotoka usiku ule walizama ndani ya makoti.

Nyumba iliyo tayari kupokea wageni huacha taa ya barazani ikiwaka. Iliyozima taa hupitwa bila kugongwa. Taa hiyo ndiyo “karibu” yao. Mzazi husimama njiani, hatua chache nyuma, akamwacha mtoto apande ngazi peke yake. Maneno ya kusemwa mlangoni ni ya vitisho: toa kitu kitamu, la sivyo utafanyiwa ukorofi. Lakini mlango ukifunguliwa, simba husahau kila kitu, akabaki ameinua mfuko wake tu, na sauti ya baba husikika kutoka gizani ikimkumbusha kushukuru.

Kwa miaka mingi wazazi wa Marekani wameuogopa mkono huo wa jirani unaotoa peremende, wakidhani huenda ndani mna sumu au wembe. Mwaka 1974, huko Texas, mtoto wa miaka minane alikufa kweli kwa sumu iliyotiwa katika peremende. Baba yake, Ronald O'Bryan, aliwaonyesha polisi nyumba ambayo alidai ndiko ilikotoka; mwenye nyumba akathibitika kuwa alikuwa kazini. Uchunguzi ulipozidi, ilionekana kwamba baba mwenyewe alikuwa amewakatia watoto wake bima ya maisha. Alihukumiwa mwaka 1975, akauawa kwa amri ya mahakama mwaka 1984. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Joel Best, aliyepekua habari za magazeti tangu mwaka 1958, hakupata hata mtoto mmoja aliyethibitika kuuawa na peremende ya mtu asiyemjua.

Gari ndilo la kuogopwa. Wataalamu waliochunguza ajali za Marekani za miaka 42, kuanzia 1975, waliona kuwa vifo vya waendao kwa miguu huzidi kwa asilimia 43 jioni ya siku hiyo kuliko jioni nyingine za karibu nayo, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo. Vazi jeusi halionekani na dereva, na kinyago chenye matundu madogo humzuia mtoto kuona kandoni. Ndiyo maana wengi humpaka mtoto rangi usoni badala ya kinyago, wakampa tochi, na kumshika mkono kila wanapovuka barabara, hata akipinga kwamba simba hashikwi mkono.

Baada ya nyumba kumi hivi vidole huwa vimekufa ganzi, na simba huomba koti mwenyewe. Hurudi amebebwa. Nyumbani peremende humwagwa mezani zikakaguliwa, na baba hujichagulia mbili kuwa ujira wa kusindikiza, huku mwenye mali amekwisha kulala na mkia wake.