Ngoma na Maigizo Yapigane na Zebaki



Napenda kutoa maoni yangu machache juu ya ngoma na maigizo ya shuleni, ambayo baadhi ya wenzangu huyaona kuwa mchezo tu. Mimi naona yaweza kuokoa ardhi na watu.

Tutazame mkoa wa Shinyanga. Wakati wa ukoloni misitu yake mingi ilifyekwa ili kufukuza mbung'o na kulima pamba, hata nchi ikakaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu hawakutoa amri tu. Walipeleka sinema na maigizo vijijini, wakafanya mikutano, na wananchi wakarudia desturi yao ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Dagashida, baraza la kijiji, liliweka faini, na sungusungu wakalinda. Ngitili zilikuwa hekta 600 hivi mwaka 1986. Kabla ya miaka ishirini kwisha zilizidi hekta 300,000.

Kwetu Geita adui ni zebaki. Wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha huichoma motoni, pengine karibu na nyumba. Mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na hata mtoto aliye tumboni. Inayomwagika huingia majini na katika samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini mchimbaji mwenye watoto wa kulisha hataacha zebaki kwa kusoma kibao. Wala wimbo wa kumtukana hautafaa. Sare na nauli za wengi wetu zatoka machimboni.

Basi, nashauri siku ya wazazi tuigize baraza la wachimbaji, tena tusimamishe mchezo kabla ya hukumu. Wazazi waitoe wenyewe. Zebaki ichomwe wapi? Nani anunue chombo kinachonasa mvuke? Atakayevunja sharti atozwe nini? Kibao hakijibiwi, lakini mchezo hujibiwa, na sharti alilolitunga mtu mwenyewe hulilinda.

Wengine watasema sisi wa kidato cha nne tuna mtihani. Ni kweli, lakini sumu haingoji matokeo. Walimu wetu watupe jioni mbili kwa juma, nasi tutaanza.