Wakulima wajue wanachomimina ndani ya injini

Msimu wa kulima unapoanza katika Bonde la Kilombero, kuanzia Mang'ula na Ifakara hadi Mngeta na Mlimba, mashine nyingi huamka kwa wakati mmoja. Matrekta, pawatila, pikipiki zinazobeba mbegu na malori ya mbolea hufanya kazi tangu alfajiri hadi giza linapoingia. Baada ya mavuno huja zamu ya mashine za kukoboa mpunga, ambazo huendeshwa kwa injini za dizeli pale umeme usipofika.

Mashine zote hizo zinategemea kitu ambacho wenye nazo hukipa uzito mdogo kuliko dizeli, nacho ni oili. Dizeli ikiisha, injini husimama na mwenyewe anajua la kufanya. Oili ikipungua, injini huendelea kunguruma huku ikijila kwa ndani. Hapo ndipo kijana hutumwa dukani akanunue "oili lita moja", naye hurudi na yoyote aliyoikuta: sintetiki ya magari madogo, ya dumu lisilo na lebo, au iliyochotwa kwenye pipa kwa kopo. Yote humiminwa juu ya ile iliyokuwamo.

Kuhusu mchanganyiko huo zipo imani mbili zinazopingana. Wapo mafundi wanaosema kuwa oili ya sintetiki ikikutana na oili ya kawaida huchacha kama maziwa na kuua injini siku hiyohiyo. Wapo wengine wanaosema oili ni oili, mradi iteleze. Imani zote mbili si sahihi, na kila moja inamgharimu mkulima kwa namna yake.

Ukweli ni kwamba oili za injini zinazokidhi viwango vya Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), ambavyo ndivyo vinavyoandikwa kwenye makopo mengi hapa nchini, hupimwa iwapo zinaweza kuchanganyika na nyingine bila kutengana. Sintetiki za kampuni mbili tofauti hazigandi zikikutana, wala sintetiki na oili ya kawaida hazigombani. Oili inayouzwa kwa jina la nusu sintetiki ni mchanganyiko wa namna hiyo, isipokuwa umefanywa kiwandani kwa vipimo. Kwa hiyo mwenye trekta aliyekwama shambani Mngeta, oili ikiwa chini ya alama ya mwisho ya kijiti cha kupimia, ni afadhali aongeze ya kampuni nyingine yenye namba zilezile kuliko kuendelea kulima na oili pungufu.

Hata hivyo, mafundi wanaozungumzia maziwa hawakuyaota. Pawatila hufanya kazi ndani ya majaruba yaliyojaa maji, na maji yakiingia kwenye injini, au gasketi ya silinda ikipasuka, oili hugeuka nyeupe. Anayelaumu sintetiki aliyoongeza jana hataitafuta njia ya maji, na injini itakufa huku dawa yake ikijulikana. Oili nyeupe ni dalili ya maji. Injini izimwe, ufa utafutwe, na oili yote imwagwe.

Kusema kwamba oili hazigandi si kusema kwamba kuzichanganya hakuna hasara. Hasara ya kwanza ni ya fedha. Sintetiki huuzwa ghali kwa sababu huvumilia joto na hukawia kuchakaa. Anayemimina lita 1 ya sintetiki juu ya lita 3 za oili ya kawaida iliyochoka hapati injini yenye robo ya ubora huo. Anachopata ni oili ambayo bado inapaswa kumwagwa kwa ratiba ya ile duni, na fedha aliyoongeza dukani imepotea.

Aidha, neno sintetiki lenyewe lisimlewesha mnunuzi. Mwaka 1999, mvutano kati ya kampuni za Mobil na Castrol huko Marekani uliishia kwa chombo cha kusimamia ukweli wa matangazo kukubali kwamba hata oili iliyotokana na mafuta ghafi, ikiwa imebadilishwa sana kwa kemia, inaweza kuitwa sintetiki. Kwa hiyo makopo mawili yenye neno hilo yanaweza kubeba vitu viwili tofauti. Cha kusoma ni namba na herufi.

Hasara ya pili hutokana na uzito wa oili. Namba za SAE, kama 15W-40, zina maana. Sehemu yenye herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi, na namba ya mwisho huonyesha uzito wake injini ikiwa na joto la nyuzi 100. Katika joto la Ifakara, namba ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Injini inayotaka 40 ikiongezwa 5W-30 ya gari dogo jipya, oili hupungua uzito, na utando unaozuia chuma kusagana na chuma huwa mwembamba. Vilevile herufi za API hutenganisha kazi: zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli, ambazo zimewekewa dawa za kukabiliana na masizi na tindikali.

Hasara ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kuchanganya oili zenye kazi tofauti. Oili ya gia, oili ya haidroliki ya trekta na oili inayochanganywa na petroli kwenye misumeno ya mnyororo hazikutengenezwa kwa ajili ya injini ya dizeli, hata kama rangi zinafanana. Kwa upande wa bodaboda, pikipiki nyingi zina klachi inayoogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili ya gari iliyotiwa dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa petroli inaweza kuifanya klachi hiyo iteleze. Ndiyo sababu makopo ya oili ya pikipiki huandikwa JASO MA, alama ya kiwango cha Japani kwa klachi za aina hiyo.

Adui mkubwa kuliko aina zote hizo ni oili isiyo na jina. Oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa ikapendeza machoni bado ina tindikali, masizi, dizeli iliyopenya na chembe za chuma ambazo kitambaa hakizizuii. Mkulima anayebishana na fundi kuhusu sintetiki ya kampuni gani ni bora, kisha akaongeza kopo lililochotwa kwenye pipa asilolijua, ameziba dirisha na kuacha mlango wazi.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme pawatila hulima ekari 2 kwa siku na mwenyewe hutoza shilingi 60,000 kwa ekari. Injini ikinoki na siku 10 zikapita, ekari 20 zimekwenda kwa mwingine, sawa na shilingi 1,200,000, kabla fundi hajalipwa wala beringi hazijanunuliwa. Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, liliwaondolea watu wa Ulanga na Malinyi adha ya kusubiri kivuko, lakini spea nyingi bado hutoka Morogoro au Dar es Salaam, na mvua haimngoji mtu. Kama pawatila ilinunuliwa kwa mkopo, rejesho nalo halingoji. Aliyeokoa shilingi elfu chache kwenye oili amelipa kwa msimu mzima.

Tangu Serikali ilipotangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, pawatila zilisambazwa katika wilaya nyingi, na maelfu ya wakulima wadogo wakawa wenye injini kwa mara ya kwanza. Kilichokosa uzito uleule ni mafunzo ya kuzitunza. Bandu bandu huisha gogo, na injini nyingi zilizolala vichakani hazikuvunjika kwa siku moja. Zilimalizwa na oili pungufu, oili isiyo yake, na oili iliyopitiliza muda.

Kwa mkulima, la kufanya si gumu. Afungue kitabu cha mashine, anakili namba za SAE na herufi za API, na azipake rangi juu ya tangi la dizeli ili hata kijana anayetumwa dukani azione. Achague oili moja na adumu nayo, anunue ya msimu mzima mapema, na aandike saa za kazi tangu alipomwaga mara ya mwisho. Akilazimika kuchanganya, achanganye zenye namba moja na kazi moja, kisha amwage yote mapema kuliko kawaida. Anayetaka kuhamia sintetiki amwage oili yote ya zamani na abadili filta ndipo ajaze mpya.

Wauza spea nao wana wajibu. Si haki kumlaumu mwenye duka peke yake, kwa kuwa anachota kwenye pipa kwa sababu mteja wake hana fedha ya galoni. Lakini makopo yaliyofungwa ya lita 1 yapo, na duka linalojulikana kwa kuyauza litabaki na wateja wake hata bei ikizidi kidogo. Kampuni za oili zinazotaka soko la vijijini ziongeze vifungashio vidogo na ziandike lebo kwa Kiswahili.

Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lenye mamlaka chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na Tume ya Ushindani (FCC), inayopambana na bidhaa bandia, zisiishie Kariakoo. Ukaguzi ufike Ifakara, Mlimba na Malinyi kabla ya msimu, si baada ya injini kufa. Halmashauri zinazotoa mikopo kwa vikundi ziambatanishe angalau siku moja ya mafunzo ya matengenezo kwa kila mashine inayokopeshwa.

Mkulima wa Kilombero hakubali kupanda mbegu asiyoijua jina, kwa sababu anafahamu kwamba kosa la Desemba huonekana Juni. Oili anayoimimina kwenye injini inastahili swali lilelile kabla kopo halijafunguliwa: hii ni ipi, na ni ya kazi gani?