Nani Mwenye Haki ya Kufunga Kikao?



Kati ya madai yote ya mageuzi yaliyopiganiwa nchini mwetu, limo moja ambalo halikuimbwa sana barabarani. Ni dai la kwamba Bunge lifunguliwe na kufungwa kwa ratiba yake lenyewe, wala si kwa hiari ya mtu mmoja. Wapo wanaoliona kuwa jambo la makarani. Sisi tunasema kwamba aliye na uwezo wa kufunga kikao wakati wowote apendao ana uwezo wa kuzima swali lolote asilolitaka.

Tuanze kwa kutenganisha maneno. Kikao kikipumzika kwa muda mfupi, wajumbe hurejea na kuendelea pale walipoachia. Kikao kikiahirishwa, shughuli iliyobaki hungojea siku iliyotajwa. Kipindi kizima cha Bunge kikifungwa, kwa desturi ya mabunge yaliyofuata mfano wa Uingereza, miswada ambayo haijakamilika huanguka. Bunge likivunjwa, wabunge wenyewe hurudi kwa wapiga kura. Hatua hizi hazilingani uzito, na hila nyingi za watawala zimejificha katika kuzichanganya.

Kifungu cha 59 cha Katiba yetu ya zamani kilimpa Rais mamlaka ya kufunga kipindi cha Bunge au kulivunja wakati wowote. Matokeo yake tuliyaona. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, vyama vya upinzani vilipata viti 88 kati ya 188 vilivyoshindaniwa. Hilo lilikuwa Bunge la kwanza lenye upinzani wa vyama tangu KPU kupigwa marufuku mwaka wa 1969. Lilikutana tarehe 26 Januari 1993. Siku iliyofuata, Rais Moi akalisimamisha, na halikukutana tena hadi mwezi wa Machi. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo lililokuwa la kutisha: wananchi walikuwa wamepiga foleni juani kuwachagua wasemaji wao, na sheria yenyewe ikaruhusu wasemaji hao wanyamazishwe kwa amri moja.

Ugonjwa huu ni wa kale. Tarehe 2 Machi 1629, mjini London, Spika John Finch alileta amri ya Mfalme Charles wa Kwanza ya kuahirisha kikao. Wabunge walimshika na kumkalisha kitini kwa nguvu hadi maazimio yao yaliposomwa. Baada ya hapo Mfalme alitawala miaka 11 bila Bunge. Na mwaka wa 2019 serikali ya Uingereza ilipolifunga Bunge kwa majuma matano, majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu waliosikiliza kesi hiyo waliamua kwamba hatua hiyo haikuwa halali, kwa sababu ilizuia Bunge kufanya kazi yake pasipo sababu ya kuridhisha.

Katiba ya 2010 iliung'oa mzizi huo kwetu. Muhula wa Bunge sasa humalizika siku ya uchaguzi mkuu unaofuata, na Bunge la Taifa hupitisha kalenda yake lenyewe ya vikao na mapumziko. Hata hivyo tusilale. Bunge lililo huru kupanga mapumziko yake laweza pia kujificha ndani ya mapumziko hayo. Akidi ya Bunge la Taifa ni wabunge 50 tu, nao wasipofika, hoja nzito hufa bila yeyote kupiga kura ya kuipinga. Kutohudhuria nako ni namna ya kufunga kikao.

Na je, sisi wenyewe? Ni mara ngapi katika mabaraza ya parokia, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama, mwenyekiti hufunga mkutano kwa sala mara tu swali la fedha linapoulizwa? Watu wa Mungu huinamisha vichwa, na hesabu hazisomwi. Tusiifanye sala kuwa pazia.

Wapo watakaosema kwamba mwenyekiti lazima awe na uwezo wa kutuliza fujo. Ni kweli. Fujo zikitokea, au akidi ikikosekana, na asimamishe kikao. Lakini ataje saa ya kurejea. Katika hali nyingine zote, hoja ya kuahirisha itolewe na mjumbe, iungwe mkono na mwingine, na ipigiwe kura. Tarehe, saa na mahali pa kukutana tena vitajwe kabla ya mtu yeyote kuondoka. Shughuli iliyobaki iandikwe katika kumbukumbu, nayo iwe ya kwanza katika kikao kijacho.

Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Basi kila kikao kinapoahirishwa, kiwe cha Bunge au cha kanisa, tuulize maswali matatu: Nani ameamua? Tunarudi lini? Lipi limebaki mezani? Asiyeweza kuyajibu hajaahirisha mkutano; ameutwaa. Nasi tusiinuke vitini mpaka tupewe majibu.