Krismasi ya Mikono Yetu

Disemba iwadiapo, maduka ya Busia na Malaba hujaa mapambo ya plastiki yanayometameta, na mzazi wa Bukhayo huyatolea fedha ambazo Januari atazililia langoni mwa shule. Kisa na maana? Katika kinamasi cha Sio-Siteko mafunjo yangali yanamea. Majani makavu ya migomba nayo yanaozea nyuma ya nyumba. Kwa hayo mtoto aweza kusuka nyota, kikapu cha zawadi, hata hori la Yesu.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, wahimiza ubunifu huu. Ajabu ni kwamba baadhi ya walimu (watuwie radhi) bado huwaagiza wanafunzi vifaa vya dukani. Likizo hii, mwalimu, mtume mwanafunzi wako kwa nyanya yake akafunzwe kusuka, kabla ujuzi huo haujazikwa naye.